Utepe Mwekundu Kando ya Silanga

Machi 10

Upepo mdogo kutoka upande wa Athi River. Joto. Mvua bado, ingawa kila mtu hapa Kitengela anaapa kwamba imeshafika kwa shangazi yake.

Kwa miaka kumi na tisa nilinyunyiza dawa katika shamba la maua, na jambo la kwanza nililofundishwa lilikuwa kuandika: saa, upepo, dawa gani, kipimo gani. Shamba lile lilifungwa. Nikabaki na kibali cha kunyunyizia watu dawa mashambani mwao, pampu mbili za mgongoni, pikipiki, na tabia ya kuandika. Msimu huu nimeamua kuwaandika na watu. Upepo ukiniharibia kazi, angalau haunijibu.

Kazi ya msimu ni ya Valerie. Valerie anaishi ghorofani hapa mjini, anafanya kazi Nairobi, na ana ekari nane ng'ambo ya Isinya anazozilima kwa simu. Ekari moja ni nyanya. Sita ni malisho anayotaka kuyageuza shamba la nyasi ya kuuza, na yote yamemezwa na oltiameletei, lile gugu la maua ya zambarau ambalo mifugo hulipita na nyasi haioti chini yake. Upande wa chini kuna silanga, bwawa lililochimbwa la kunyweshea mifugo. Hilo ni la watu wawili. Mzee Kisemei alipomuuzia Valerie ardhi walipatana kwamba maji hayauzwi, kwa hiyo upande ule hauna ua.

Valerie amenipigia akiwa kazini.

"Mama Linda, nataka hizo magugu zote zikufe before Easter. Kuna watu wa hay wanakuja kuona."

"Sawa. Lakini tutaacha mita thelathini kutoka kwa maji. Hapo hatugusi na dawa."

"Thirty? Hiyo si ni plot mzima!"

"Ni maji, Valerie. Wanyama wanakunywa."

"Si mvua itaosha tu?"

Itaosha, ndiyo. Itaosha na kuipeleka silangani. Huyu amesoma mpaka chuo kikuu.

Machi 12

Upepo wa wastani kuanzia saa tatu. Leo nimekagua tu.

Mfanyakazi wa Valerie anaitwa Mbaluka, mtu mzima wa Machakos aliyepita miaka arobaini na mitano. Ana miaka miwili pale na hajawahi kusoma lebo ya dawa hata moja. Nimemuuliza anapimaje. Akanionyesha kifuniko cha chupa.

"Kifuniko moja kwa pampu, Mama Linda. Kama magugu ni kali, naongeza."

"Unaongeza ngapi?"

"Inategemea vile nimekasirika."

Anacheka. Anakoroga kwa mkono mtupu, kisha anafuta mkono kwenye suruali na kuchukua chapati. Nimempa glavu, miwani na gambuti. Ameziweka juu ya kabati zisichafuke.

Majirani nao. Mzee Kisemei huja asubuhi na kuketi mpakani juu ya mtungi uliopinduliwa, anasikiliza mahubiri ya Kimaasai kwenye simu yake, anang'oa nyasi na kuzirusha hewani. Ndiyo kazi yake. Mkaza mwanawe, Soila, mumewe ni askari wa ranchi huko mbali, huleta mtamba wake silangani kila alasiri na kumwogesha shingo kana kwamba ni bibi harusi. Mbaluka anasema ukame ulimwachia Soila ng'ombe mmoja tu, akafa baada ya kuzaa, na mtamba huyu ndiye aliyebaki. Atazaa mwezi wa tano. Watoto watatu wanayasubiri hayo maziwa. Nikimsemesha Soila anaitikia "ee" kwa kila kitu. Ningemwambia mbingu imeanguka Bisil angesema ee.

Machi 15

Mvua. Hakuna kazi.

Machi 16

Mvua. Valerie ametuma ujumbe mara nne kuuliza kama dawa inaweza kunyunyizwa mvua ikinyesha. 

Machi 19

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo hakuna. Dawa ya majani mapana, ile inayoua gugu na kuacha nyasi. Mdomo wa pampu wa matone makubwa, yasiyopeperuka ovyo. Nimeanza upande wa juu, karibu na nyanya, kwa sababu nyanya nazo ni majani mapana na dawa hii haijui lipi ni gugu. Hapo unahitaji asubuhi tulivu na mtu anayejua kazi.

Saa mbili kasorobo Mbaluka akaja mbio.

"Mama Linda, mzee anasema uache. Upepo unageuka."

"Mzee amesema?"

"Anasema inageuka saa mbili, inaenda kwa nyanya."

Nilimtazama mzee Kisemei juu ya mtungi wake, mkono umeshika nyasi. Nina kipimo cha upepo cha mkononi, nilipewa shambani. Kilisoma tulivu. Nikamwambia Mbaluka arudi kazini na mzee arudi kwenye mahubiri.

Saa mbili na dakika tano uligeuka. Nilifunga pampu mara moja, lakini dawa ya mistari miwili ya mwisho ilikuwa imeshapeperuka kwenye nyanya.

 Mzee alinyanyuka, akabeba mtungi wake, akaenda. Hilo lilinikera kuliko kama angenicheka.

Machi 22

Mstari wa kwanza wa nyanya umejikunja majani kama ngumi. Valerie akaona picha ambayo Mbaluka, mdomo wake mrefu, alimtumia.

"Mama Linda, hii ni nini?"

"Kuna ugonjwa wa virusi unazunguka Kajiado."

"Gosh. Unaambukiza?"

"Huo hauendi mbali."

Hauendi mbali kwa sababu nilifunga pampu. Nimelala vizuri tu. Mtu anayelima kwa simu adanganywe kwa simu.

Machi 24

Leo nimepiga kelele mpaka koo likaniuma. Nimemkuta Mbaluka amezama silangani mpaka magotini, anasuuza pampu yangu.

"Toka! Toka kwa maji!"

"Naosha tu, Mama Linda. Imebaki kidogo."

"Hiyo kidogo ndiyo ng'ombe ya Soila inakunywa! Maji ya kuosha inarudi shambani, inanyunyiziwa pale pale penye dawa ilikuwa. Nilikwambia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na ulisema ndiyo!"

"Nilisema ndiyo kwa sababu ulikuwa umepanda pikipiki unaenda."

Anajibu kama mtoto wa shule. Nilimfanya achimbe shimo mbali, kule juu, na makopo matupu tukayasuuza mara tatu na kuyatoboa ili asije mtu akayabebea maji ya chai. Soila alisimama na mtamba wake akitazama. Nilimwambia leo asimnyweshe hapo, ampeleke kwenye bomba la kanisa. Akasema ee. Akaenda kwa bomba la kanisa, ni kweli. Umbali ni mkubwa, na mtamba yule ana mimba nzito.

Machi 27

Kuanzia saa kumi na mbili na robo hadi saa mbili kamili. Upepo hakuna. Safari hii nilisimama saa mbili kamili bila kungoja kipimo, na uligeuka saa mbili na dakika tatu. Sitamshukuru mzee kwa hilo.

Ekari zote sita zimekwisha. Ukanda wa mita thelathini kando ya silanga sikuugusa, Mbaluka aling'oa gugu kwa jembe akinung'unika kutwa. Kazi safi. Katika miaka kumi na tisa sijafanya safi kuliko hii.

Sasa ni kungoja. Ninachowahofia watu hawa ni jambo moja. Oltiameletei ina sumu, na ikiwa hai ni chungu, mifugo haiitaki. Ikipigwa dawa na kuanza kunyauka, inakuwa tamu, na mbuzi aliyekuwa akiipita kila siku ataila mpaka tumbo lijae. Kwa hiyo mnyama haingii mpaka gugu likauke kabisa, wiki tatu hivi. Hilo nimelijua tangu nikiwa msichana wa glavu mpya.

Kwa kuwa hakuna ua upande wa chini, nilinunua rola ya utepe mwekundu hapa Kitengela, nikapiga vigingi kila hatua kumi kutoka mpaka hadi mpaka, nikafunga utepe. Kipofu angeuona. Nikiondoka nilimwona Soila mbele ya boma lao, anaanika nguo. Nikapunguza mwendo.

"Soila! Nimepiga dawa! Wanyama wasiingie kwa utepe, wiki tatu!"

"Ee."

"Umeskia? Wiki tatu!"

"Ee, mama."

Mbaluka alisema ningeshuka niingie, mzee yuko ndani. Kuingia boma la Kimaasai kutoa habari ya dakika moja ni kuketi, kuletewa chai ya maziwa, kumsikiliza mzee akitoa habari zake zote, mvua, mbuzi aliyevunjika mguu, harusi ya Bisil, nani amelazwa, halafu ndipo yako iulizwe. Nina kazi ya watu. Nikapiga gia.

Machi 28

Mawingu. Valerie anauliza kama gugu limekufa. Nimemwambia hata binadamu huchukua zaidi ya siku moja.

Machi 30

Mvua ndogo usiku. Binti yangu Linda amepiga simu kutoka chuoni, mtihani umekwenda vizuri. Kibali changu kinakaguliwa upya mwezi wa nne. Bila kibali hakuna kazi, na bila kazi Linda anarudi nyumbani. Ndiyo maana najua kila lebo kwa moyo.

Machi 31

Naandika saa nne asubuhi ya tarehe mosi, kwa sababu jana sikuweza.

Nilikuwa Bisil kwa mteja mwingine. Mbaluka akapiga simu.

"Mama Linda, kuja. Wanyama wamejaa kwa shamba."

"Si uwafukuze?"

"Ni wengi. Si ya mzee pekee. Kuna watu wametoka mbali."

Nilipanda pikipiki bila kofia. Barabara ya Namanga niliipita sijui vipi. Nilipofika nikakuta ekari sita zimejaa ng'ombe, mbuzi na kondoo, kama siku ya soko. Vigingi vimeangushwa. Mbuzi walikuwa wanakula oltiameletei iliyonyauka kwa uchu, wanagombania. Na mtamba wa Soila alikuwa katikati, kichwa chini, haoni mtu.

Niliwarukia. Nilipiga mayowe, nilirusha mawe, Mbaluka naye akapiga sufuria. Tuliwatoa baada ya saa nzima. Mzee Kisemei alikuwepo, na Soila, na wanaume kama sita wa kutoka bonde la pili.

Nilimwendea Soila kwanza.

"Nilikuambia! Mbele ya nguo zako, nilikuambia! Wiki tatu!"

Hakuitikia ee. Alimtazama mzee.

Mzee Kisemei akaokota kipande cha utepe kutoka kwenye matope, akakinyoosha mbele yangu.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu. Ni alama ya dawa. Ni hatari."

"Hapana," akasema, bila kukasirika. "Hii ni ya surveyor. Wakiweka hii, wiki mbili, kunapigwa waya. Pale Isinya waliweka. Kwa jirani Leshan waliweka. Tulisema huyu msichana anauza shamba vipande vipande. Nikaita majirani wanyama wakule mara ya mwisho, kabla waya ifike."

  Kutoka Kitengela mpaka pale ninapita vigingi vyenye utepe ule ule mia mbili, mia tatu, kila siku ya Mungu, kila kimoja kikisema shamba hili linakatwakatwa. Niliununua utepe kwenye duka lile lile wanakonunulia wapima ardhi. Mtu wa mji ningemsamehe, mimi nimepita pale miaka.

Mvua ikaanza. Tukasimama tukiloa wote.

Aprili 1

Mbuzi watano wa mzee wamekufa kabla ya mchana. Daktari wa mifugo amekuja kutoka Kajiado, amefanya alichoweza. Wale wa bonde la pili hatujui.

Aprili 2

Mbuzi saba. Mtamba amelala chini, hatafuni, anatetemeka kiwiliwili kizima. Soila ameketi, kichwa cha mtamba kiko mapajani mwake. Mbaluka amekuwa akimchotea maji tangu usiku, na hakuna aliyemtuma. Sikumdhania.

Nilisimama mpakani. Sikuingia. Sijui ningeingia kama nani.

Aprili 3

Mtamba amekufa saa kumi na moja alfajiri. Na ndama alikuwemo.

Aprili 5

Valerie amekuja shambani mwenyewe, kwa mara ya pili mwaka huu. Amevaa viatu vyeupe. Hakushuka kuelekea kwa jirani. Alinikalisha ndani ya gari na kupandisha vioo.

"Mama Linda, wameripoti. Ofisi ya kilimo Kajiado wanataka statement. Nimeshaiandika, wewe ni kusign tu."

Nikaisoma. Majirani walijulishwa kwa mdomo na mapema. Alama za tahadhari zinazoonekana ziliwekwa upande wote usio na ua. Kipimo cha dawa na umbali kutoka kwa maji vilizingatiwa. Wenye mifugo waliingia kwa makusudi katika ardhi ya mtu binafsi.

"Kuna uwongo hapo?" akauliza.

Hapakuwa na uwongo. Hata koma zilikuwa mahali pake.

"Hao watu wanajua wanachofanya," akasema. "Wanangoja kitu ikufe ndio waitishe compensation. Na ukibebeshwa hii, kibali yako imeenda. Think about Linda."

Nilimdharau mwanamke huyu tangu mwezi wa tatu na nilikuwa na sababu nyingi. Lakini dharau yake kwa wale watu nilikuwa nimeiandika mimi kwanza, humu, kwa mwandiko mzuri zaidi.  Nikamwambia nitasaini nikifika Kajiado.

Aprili 9

Upepo sikupima.

Nimekwenda kwa mzee Kisemei. Nimeacha pikipiki barabarani, nikatembea.

"Takwenya," akanisalimu mzee.

"Iko," nikaitikia. Ni neno ambalo wateja wangu wa huku wamenifundisha mara elfu na sikuwahi kulitumia.

Nikaketi. Soila akaleta chai. Ilikuwa ya rangi, bila maziwa, na hakuomba radhi. Mzee akatoa habari zake. Mvua ilivyonyesha. Mjukuu aliyeshikwa na homa. Mbuzi saba, mmoja mmoja, kwa rangi na kwa mama zao. Mtamba. Alichukua muda mrefu, na mimi nikasikiliza yote. Kisha akasema, "Na wewe, toa habari."

Nikatoa. Nikamwambia ya nyanya, kwamba alinionya na sikusikia, na kwamba nilisema ni ugonjwa. Nikamwambia dawa inavyofanya gugu kuwa tamu, na kwamba nilijua. Nikamwambia ya kauli ya Valerie inayongoja sahihi yangu. Mzee alitikisa kichwa mara moja moja. Hakunisamehe wala hakunilaani.

Kisha nikamgeukia Soila, na sauti yangu ikatoka kali bado, sijui kwa nini, mazoea.

"Lakini wewe nilikuambia, Soila. Uliitikia. Kwa nini ulisema ee kama hukuelewa?"

Akaweka birika chini.

"Nilielewa. Ulisema kuna dawa, wiki tatu. Nilimwambia mzee jioni. Akauliza, alishuka? Nikasema hapana. Akauliza, alizima pikipiki? Nikasema hata hakuzima. Akasema basi si jambo. Mtu akiwa na kifo ya kuleta anashuka."



"Na hiyo ee," akaendelea, "tunaambia hivyo kila mtu wa kupiga kelele barabarani. Watu wa plot, watu wa siasa, watu wa dawa. Wanataka tu uitikie. Unaitikia, wanaenda. Wewe ulikuwa mmoja wao, mama. Hatukuwa tunakuskiza. Tulikuwa tunangoja uende."

Nilikuwa nimewadharau majuma manne kwa ujinga wao, na muda wote huo walikuwa wamenipima, wakanikuta mwepesi, na kuniacha nipite. Niliona aibu mpaka masikioni. Nikanywa chai ile yote.

Aprili 14

Kajiado, ofisi ya kilimo. Mvua.

Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye haraka ya chakula cha mchana. Valerie alikaa pembeni na simu yake. Kauli ilikuwa mezani, imechapwa, na nafasi ya sahihi yangu. Mwisho wa karatasi ya ofisi kulikuwa na swali la mnyunyizaji mwenyewe kujibu: je, majirani wenye mifugo walijulishwa? Ndiyo au hapana, weka alama.

"Hapo ni ndiyo," akanong'ona Valerie. "Uliwaambia. Mbaluka aliskia."

Nikaweka alama kwenye hapana. Chini yake nikaandika kwamba niliitoa habari ile kwa kelele nikiwa juu ya pikipiki, injini ikiwaka, na kwamba alama nilizoweka ni zile ambazo huku zina maana ya shamba kuuzwa, na nilipaswa kujua.

Afisa akasoma. Akavua miwani.

"Madam, ukiandika hivi, kibali sitaweza kukuhuishia msimu huu. Unajua?"

"Najua."

"Mama Linda, are you mad?" akasema Valerie kwa sauti. "Hao hata hawasomi hii karatasi!"

 Nikasaini chini ya maneno yangu, nikaandika na nambari ya simu, nikamwomba afisa nakala moja ya kumpelekea mzee Kisemei, kwa sababu nitakwenda kumsomea mwenyewe, nikiwa nimeketi.